Maziwa ya Nguva

Benchi la nje ya kinyozi lilikuwa na miguu mitatu na tofali moja, na kwa kawaida Baridi ndiye aliyekuwa wa kwanza kulikalia na wa mwisho kuondoka. Jina hilo alibandikwa kwa kazi yake ya kuvunja barafu kwenye ghala la samaki. Tangu amzike mkewe, nyumbani alirudi kulala tu. Sauti za watu alizifuata kijiweni. Siku hiyo alichelewa. Alifika viganja vimekufa ganzi, akapokea kahawa akiwa bado wima.

— Wameleta nguva, akasema. Kanasa wavuni, kafa. Nimeambiwa nimfunike barafu mpaka watu wa serikali waje.

Kinyozi akazima mashine, mteja kanyolewa upande mmoja.

— Nguva yule nusu mtu?

— Sijui nusu wala robo. Ila nimemshika pezi. Ndani mna vidole, bwana. Vitano.

— Si nilisema! akadakia Profesa, fundi viatu aliyesoma kila gazeti lililowahi kufungiwa viatu. Usione vyaelea, vimeundwa. Yule katoka kiwandani. Ni nyambizi iliyovishwa ngozi.

— Nyambizi gani inanaswa na wavu? akauliza Kinyozi. Hao ni wanawake waliowakimbia waume zao. Babu yangu alioa mmoja. Mpole, ila chumvi hata kwenye chai.

— Babu yako aliolewa, hakuoa! akacheka Profesa.

— Cheka tu. Mimi nimeona samaki ana upara na meno thelathini na mbili. Akanipigia saluti.

— Kwa mkono gani?

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, akajibu Kinyozi, kama vile methali hiyo imemaliza kesi.

Wakaangua kicheko, mteja naye na nusu kichwa chake. Baridi hakucheka.

— Ana matiti, akasema taratibu. Hapa, karibu na kwapa. Nilipomgeuza yakatoka maziwa. Nikayafuta kwa shati langu.

— Basi ni mtu! Profesa akapiga nyundo. Aandikiwe cheti cha kifo!

— Na mume atafutwe, alipe mahari! akaongeza Kinyozi.

Mkunga wa zahanati, aliyekuwa amekuja kushonewa kiatu, alisimama pembeni kwa mguu mmoja. Hakuna aliyekuwa amemjali.

— Samahani, kaka zangu, akasema. Kama ana maziwa, mtoto wake yuko wapi?

Profesa akainamia sindano yake. Kinyozi akatikisa birika, lilikuwa tupu.

— Twendeni tukaangalie, akasema Baridi.

— Bahari yote hiyo, ndugu yangu? Kinyozi akawasha mashine. Tena huyu mteja nitamwacha hivi?

Baridi akaenda peke yake. Jua lilikuwa la utosi. Alipita ghala, akapita magunia ya chumvi, akafika kwenye miamba ambako wavu ulikuwa umetegwa usiku. Alisimama muda mrefu, maji hayasemi kitu. Halafu hatua chache kutoka kwake pua ndogo ikachomoza, ikavuta pumzi, ikazama. Ikachomoza tena, palepale. Haikwenda mbali.

Alitaka kumwita. Akagundua hajui mtoto wa namna ile mama yake humwita vipi.

Akavua viatu, akakaa. Wakawa wawili.