Alama Niliyomnyima Muuguzi

Mheshimiwa mwenyekiti wa bodi, mkuu wa chuo, walimu wenzangu, wazazi, na ninyi wanangu mnaohitimu uuguzi leo, habari za mchana.

Nimeambiwa niage kwa dakika tatu. Nashukuru kwa saa ya ukutani mliyonizawadia. Lakini nina donge rohoni, na sitastaafu nalo.

Miaka ishirini na miwili nimefundisha kusoma majina marefu ya dawa, yale ya Kiingereza: kata neno silabi kwa silabi kwa penseli, kisha tafuta silabi inayobeba mkazo. Mkaniita Mama Bucha. Haya, chekeni! Mwezi wa tatu, wodini, mwanafunzi wangu mmoja alilikata jina lililokuwa kwenye chupa vipande sita, akalikata na lile la kwenye faili, akaona kipande cha nne hakifanani. Akamzuia daktari: "Samahani, dokta, hii siyo." Mgonjwa yule alirudi kwake kwa miguu yake mwenyewe.

Sasa niulizeni, binti huyo yuko wapi? Mbona hajavaa joho? Amekaa kiti cha mwisho pale mlangoni, na mama yake. Kwenye mtihani wa kusoma kwa sauti, katika jina moja la dawa, alikaza silabi ya pili kutoka mwisho, kama tulivyozoea sote katika lugha yetu. Kanuni ya bodi inasema ukikosea mkazo, unarudia mwaka. Na aliyemwangusha ni nani? Ni mimi! Kwa mkono huu huu. Naona aibu.

Mheshimiwa mwenyekiti, nakuheshimu sana, lakini asubuhi, ulipotutajia dawa mlizoinunulia wodi, ulilisoma jina lile lile na ukakaza pale pale. Tukakupigia makofi. Mbona wewe hukuambiwa urudie mwaka? Mkazo niliufundisha ili anayesikiliza aelewe, si ili tupate pa kumfungia mtu mlango.

Ajira yangu inakwisha saa kumi. Sasa ni saa nane na nusu, na mtahini bado ni mimi. Fomu hii hapa. Mbele yenu nyote nafuta sifuri, naandika amefaulu, natia saini. Anayetaka kuibadilisha aje aibadilishe mbele ya mama wa binti huyu.

Asanteni kwa kunivumilia. Binti, simama, panda huku jukwaani. Joho langu litakutosha.