Cherehani ya Kasiani Juu ya Mkokoteni

Mimi Salum, muuza kahawa wa kona hii, leo lazima niseme. Benchi tunalokalia ni la Kasiani, fundi cherehani. Alilipigilia misumari mwenyewe mwaka ule kiwanda kilipotupunguza kazi, akaliweka mbele ya fremu ya duka aliyopanga kwa Mama Modesta. Mkataba wa miaka miwili umeisha Ijumaa. Jumamosi mama akatuma ujumbe: toa vyombo, chumba kimepata mtu. Leo asubuhi cherehani iko juu ya mkokoteni, inapelekwa kijijini kwao Mlali, na huko nani atamletea suti ashone? Kasiani kakaa mwisho wa benchi, kikombe mkononi, hanywi. Na wenzangu hawana haya, bado wanatoa ushauri.

— Mkataba hauishi hivihivi, alisema Lukasi, tunayemwita Wakili kwa kuwa aliwahi kuwa tarishi mahakamani. Mwenye nyumba akikaa kimya, unajiongeza wenyewe.

— Si ndiyo ulivyomwambia mwezi mzima? nikamjibu. Haya, ujiongeze sasa tuone!

— Kosa ni lake. Jumatano kapita na baiskeli mbele ya nyumba ya mama. Mama kamwona, kakumbuka tarehe.

Niliumia kusikia hivyo. Huku kwetu, mkataba ukikaribia kuisha, mpangaji huenda jioni kumsalimia mwenye nyumba. Anabeba kuku au ndizi, anakaa, anaulizia wajukuu, na habari ya chumba inakuja mwisho kabisa, wakati wa kuaga. Kasiani alishanunua na jogoo. Sisi tukamkataza. Tukamwambia ukienda utamkumbusha, atakupandishia kodi. Mimi mwenyewe nilimwambia, jifiche kaka. Jogoo tukamla hapa hapa, Mungu anisamehe.

— Siku hizi soko huria bwana, akadakia Thobias, ambaye tunamwita Redio kwa kuwa hazimiki. Nimesikia ukiacha kitu chako ndani, hata sindano, chumba bado chako. Kasiani, rudisha sindano.

— Sindano moja? nikauliza.

— Moja tu. Ichomeke darini, wasiione.

— Na benchi liachwe hapo hapo, Wakili akaongeza. Likitimiza miaka kumi na miwili, ukuta nao unakuwa wetu.

— Wetu nani?

— Wa kijiwe! Tunapeleka mahakamani, hakimu ananijua mimi.

— Anakujua kwa kumletea chai, nikasema.

Kasiani hakucheka. Siku nyingine angecheka mpaka akohoe.

Hapo ndipo tukamwona Mama Modesta anakuja, taratibu, kitenge kimefungwa vizuri, bahasha mkononi. Tukasimama wote.

— Shikamoo mama, alisema Kasiani.

— Marahaba, mwanangu. Nimekuwahi. Nilidhani umeshaondoka.

Akatoa karatasi kwenye bahasha, akampa. Kasiani akaisoma. Mimi nilikuwa karibu, nikaona: mkataba mpya, miaka miwili mingine, jina lake limeshaandikwa.

— Niliuandikisha mapema, mama akasema. Mwezi mzima nakungoja. Kila jioni namwambia mjukuu wangu Eufrazia aongeze maji ya chai, leo Kasiani atakuja. Hukuja. Jumatano nikakuona na baiskeli, nikakuita, ukakanyaga pedali ukaenda zako. Nikasema basi, kapata kwingine, anaona aibu kuniaga. Ijumaa akaja kijana wa mitumba wa Mkuyuni, nikampa neno langu. Siwezi kulirudisha. Inaniuma, lakini siwezi.

— Naelewa, mama.

— Ila nieleze kitu kimoja. Nilikukosea nini, mpaka ukashindwa kuja hata kunisalimia?

Wakili akatazama viatu vyake. Redio, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akazimika. Mimi nikainamia birika, najifanya nachochea mkaa. Kasiani alikuwa na haki ya kutunyooshea kidole, mmoja mmoja, na sisi tulingoja atunyooshee. Hakutazama hata upande wetu.

— Hukunikosea kitu, mama.

— Sasa ni nini?

Mama alikunja bahasha, akarudi alikotoka. Kasiani akaweka kikombe chake kwenye benchi, kimejaa vilevile, akatushika mikono wote, akasukuma mkokoteni wake.

Baadaye Wakili alininyooshea kikombe nimwongeze. Nikamwambia kahawa imekwisha, na birika lilikuwa bado zito mkononi mwangu.