Karatasi ya Namba za Rimu

Wazee wangu, shikamooni. Walezi wenzangu, nawasalimu. Miezi mingi nimekaa kwenye benchi lile la nyuma nikisikiliza wenzangu wakisimama, na kila mwenyekiti aliponitazama nilikuwa nainama kufunga kamba za viatu. Leo nimevaa ndala.

Kanuni ya kikundi chetu hiki cha walezi ni kutotaja jina la mtu, nami nitaishika. Nitakaowasema ni wachache: mdogo wangu wa kiume, kitindamimba wetu wa kike, baba yetu mdogo, na mimi mwenyewe.

Wengi mnanijua kwa mchele ninaouza sokoni. Nilikuwa kidato cha pili baba alipofariki, na mama akamfuata kabla mwaka haujaisha. Tukabaki watatu. Ndugu walikaa kutugawana, mmoja aende Kahama, mwingine Mwadui, na mdogo kabisa, ambaye alikuwa bado anabebwa mgongoni, apelekwe kwa shangazi. Nilisimama mbele yao na sketi yangu ya shule, nikasema hatugawanyiki. Kesho yake sikwenda shule, wala siku iliyofuata. Ile sketi niliikata nikamshonea kitindamimba gauni.

Baba alikuwa fundi wa magari kule Songwa, na alituachia gari la viti saba. Lilikaa juu ya matofali miaka mingi, kuku wakitaga chini yake. Mdogo wangu alipomaliza shule na kuingia gereji kujifunza ufundi, ndiye aliyeliamsha. Siku lilipotoka uani kwa mara ya kwanza, nilikaa kiti cha mbele nikalia, yeye akijifanya hanioni.

Sasa kabla sijafika kwenye habari ya magurudumu, nataka mnijue ugonjwa wangu. Mtu aliyeacha shule mapema hujifunza kuficha. Mimi nilijifunza kuitikia ndiyo kwa kichwa. Mwalimu akinieleza mambo ya mitihani ya watoto, natikisa kichwa. Daktari akinieleza dawa, natikisa kichwa, kisha nikifika nyumbani naanza kuhangaika. Niliamini kwamba mlezi lazima ajue kila kitu, na kwamba siku watoto watakapogundua kuna jambo sijui, nyumba itaanguka. Ndugu zangu, nawaambia, niliishi hivyo miaka kumi na kitu, na hakuna aliyenishika.

Kilichonishika ni rimu ya gari.

Barabara ya Mwadui tuliingia shimo, rimu ya mbele ikapinda na kupasuka ukingo. Gari lile lilikuwa na rimu za sporti, zile za aloi, siyo za chuma. Fundi wa pancha akaichomelea, ikashika wiki moja. Akaichomelea tena. Mara ya tatu akagoma. Akaniambia, mama, tairi litakuishia upepo ukiwa njiani, tafuta rimu nyingine. Tukazunguka mjini, inayofanana na zetu hatukuipata. Ikabidi tununue zote nne.

Mdogo wangu akafungua gurudumu moja, akalisugua mgongoni kwa maji na brashi mpaka namba zilizogongwa kwenye rimu zikaonekana. Akapima na tundu lile kubwa la katikati. Akaandika yote kwenye nusu karatasi ya daftari, akaikunja mara mbili, akanipa. Yeye alikuwa anakwenda Kahama siku nne kutengeneza lori la tajiri wake. Mimi nilikuwa napeleka mchele Katoro, na kule rimu zilizotumika zimejaa, maana mchimbaji akipata dhahabu kidogo hata viatu hajanunua, gari lake tayari limevaa rimu mpya.

Akaniambia, "Usiangalie rangi, Dada. Mpe muuzaji karatasi apime mbele yako."

Nikamjibu, "Mimi ndiye niliyekufundisha kuhesabu."

Akacheka. "Basi ukifika uzisome."

Pale dukani Katoro rimu zilikuwa zimetundikwa ukuta mzima, zinang'aa. Muuzaji alikuwa kijana mwenye maneno, akaanza kunitajia inchi, sijui na nini, sijui na nini, haraka haraka, na wateja wawili wamesimama wananitazama. Karatasi ilikuwa kwenye pochi, na mkono wangu ulikuwa ndani ya pochi unaishika. Nikajiuliza, nikiitoa akaniuliza namba hii ni ya nini, nitasema nini mbele ya hawa vijana? Nikaiacha. Nikatoa mkono mtupu, nikawa natikisa kichwa.

Akaniuliza gari langu lina matundu mangapi ya nati. Nikasema matano. Akasema hizi nazo ni tano, zinaingia, na nati ikikataa kidogo fundi ataibana tu. Nikatikisa kichwa. Nikachagua zile za fedha zenye mistari myeusi. Nilizichagua kama mtu anavyochagua kitenge.

Nilizisafirisha na basi mpaka Shinyanga, nikamwita fundi wa pancha wa mtaani azifunge pale pale uani. Niliona anasukuma nati kwa nguvu, anapiga na nyundo. Nikaingia ndani kupika. Nilitaka mdogo wangu akirudi alikute gari limependeza.

Alirudi, akalizunguka, akapiga mluzi. Kisha akauliza, "Zile namba zililingana?"

Nikasema, "Zililingana."

Hilo ndilo neno lililotuangusha, ndugu zangu. Hakufungua gurudumu kuhakikisha. Tangu ana miaka saba, nikimwambia uji umepoa, anakunywa bila kuupuliza.

Alipoliendesha alisema usukani unatetemeka. Alisema Jumamosi atafungua magurudumu aangalie. Alhamisi nikamwambia mchele unaningoja Tinde, gari si bovu, aende. Kitindamimba alikuwa likizo, akapanda naye. Wakati wa kurudi, kabla ya kuumaliza mji wa Tinde, gurudumu la mbele la kushoto lilichomoka. Zile nondo fupi zinazoshika nati zilikuwa zimekatika zote. Gari likaingia mtaroni na mchele wake. Mdogo wangu alichanika uso. Kitindamimba alivunjika mkono wa kulia sehemu mbili.

Mungu hakutuzika. Lakini subirini, msinipe pole bado.

Baba mdogo aliita kikao cha ukoo. Majirani walikuwa wameshasema yao, vijana na spidi, vijana na simu. Mdogo wangu akaeleza taratibu, uso umefungwa bandeji, kwamba alikuwa anakwenda polepole na gurudumu lilitoka lenyewe. Baba mdogo akanigeukia. Ni mtu wa haki, aliuliza kwa haki. Akasema, "Binti yangu, zile rimu ulizinunua kwa vipimo?"

Nikatikisa kichwa.

Mdogo wangu akaniangalia. Hakubisha. Hajawahi kunibishia mbele ya watu, ndivyo nilivyomlea. Basi ikaonekana kwamba kama rimu zilikuwa sawa, yeye fundi wa nyumbani kwetu ndiye aliyezembea kuangalia nati za gari lake mwenyewe. Baba mdogo akamnyang'anya ufunguo. Habari ikafika gereji, tajiri wake akamwambia apumzike kwanza. Nani atampa gari lake fundi aliyeangusha la kwao? Haikupita wiki akachukua begi. Hakuniaga kwa ubaya. Aliniambia tu kwamba anakwenda Geita kwenye machimbo, akipata atatuma.

Nami, niliyesimama mbele ya ukoo na sketi ya shule nikasema hatugawanyiki, nilimsindikiza stendi. Karatasi yake ilikuwa kwenye pochi niliyoibeba. Miezi mitatu niliihamisha kutoka pochi hadi kabati na kutoka kabati hadi pochi. Kuichoma sikuweza, kuifungua sikuweza. Mchele ulikuwa unaungua jikoni. Ibada nilikuja, lakini kwenye kuungama nilitaja vitu vidogo vidogo.

Aliyenikomboa ni mtoto wa darasa la sita. Kitindamimba alikuwa na plasta, anajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Alasiri moja alikosa penseli, akaingiza mkono kwenye pochi yangu, akatoka na ile karatasi. Akasema, huu mwandiko wa kaka. Akaniuliza namba za nini. Akatoka nayo mpaka nyuma ya nyumba, zilipolazwa zile rimu. Nilikuwa napepeta mchele, nikamwona anachuchumaa na plasta yake, anafuta vumbi kwa ncha ya gauni.

Akasema, "Dada, hapa wamegonga mia moja na kumi na mbili. Kaka ameandika mia moja na kumi na nne na nukta. Hazilingani."

Nikaendelea kupepeta.

"Ulikuwa unajua?"

Ungo ukanishuka mkononi. Nikatikisa kichwa, ndiyo. Maisha yangu yote natikisa kichwa, na nadhani ile ilikuwa mara ya kwanza kukitikisa kwa jambo ninalolijua.

Hakulia. Aliikunja karatasi kwa mkono mmoja, akanirudishia, akasema, "Mpelekee."

Nilimkuta machimboni, kwenye duara, yaani shimo lile wanaloshuka kwa kamba, refu kuliko nyumba za hapa zikipandana. Alikuwa mweupe kwa vumbi, na kovu lake shavuni. Akanisalimia vizuri, akaniuliza mkono wa mtoto. Nikampa karatasi. Akaitambua kabla ya kuifungua.

"Ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo."

"Siku ya kikao?"

"Ilikuwa kwenye pochi, mapajani."

Wenzake wakamwita, zamu yake imefika. Akanirudishia karatasi, akashika kamba, akashuka. Ndugu zangu, nilikaa kwenye ule udongo nikitazama kamba inavyoingia chini, nikajua ni mimi niliyemning'iniza pale. Alipopanda jua lilikuwa limeanza kuinama. Nikamwomba msamaha. Sikuwahi kumwomba mtoto yeyote wa nyumba yangu msamaha, hata maneno yenyewe hayakujua njia. Akasema amesikia. Akasema pia kwamba harudi. Nikapanda gari nikarudi peke yangu.

Nilipofika sikwenda nyumbani, nilikwenda kwa baba mdogo. Nikamwomba aite tena kikao, watu wale wale, na tajiri wa gereji awepo. Nikasimama nikasema: rimu nilinunua kwa macho, vipimo nilikuwa navyo na sikuvitoa, kijana aliniuliza nikamdanganya, nanyi mliniuliza nikawadanganya. Shangazi mmoja akasema kumbe. Basi, kumbe tu. Nililokuwa naliogopa miaka yote lilikuwa hilo neno moja. Baba mdogo aliuweka ufunguo mezani, akasema yeye mwenyewe atampigia kijana, maana naye ana lake la kumwambia.

Hakuja wiki ile wala iliyofuata. Alikuja Jumapili moja nikiwa nafua, akaweka begi mlangoni, akasema, "Nimekuja kuangalia gari." Siyo kuniangalia mimi. Nikaikubali hiyo.

Nondo na mengineyo alitengeneza. Rimu tulikwenda kununua wote watatu, hapa hapa mjini, kwa mzee mmoja Mhindi ambaye baba yake aliuza spea kabla yake. Akaniuliza, mama unataka rimu gani? Wadogo zangu wote wawili wakanitazama. Nikatoa karatasi, nikasema, "Mzee, sijui kuzisoma hizi. Nifundishe."

Yule mzee hakucheka. Alitoa kipimo cha chuma chenye midomo miwili, akanishikisha mwenyewe. Akanionyesha kwamba rimu mbili zinaweza kuwa na matundu matano kila moja na bado duara la matundu la moja likawa pana kuliko la nyingine kwa unene wa kucha, na unene huo wa kucha unatosha kuua. Akanionyesha tundu la katikati linavyotakiwa kulikalia gari bila kucheza, na kwamba rimu za aloi zina nati zake, huchukui yoyote. Akazigeuza moja moja juani tutafute ufa au alama ya kuchomelewa. Nilipima mara tatu. Kitindamimba alikuwa anaandika.

Tulipopata nne zinazolingana zilikuwa za kijivu, zimekwaruzika kidogo. Mdogo wangu akasema, "Rangi je, Dada? Umeridhika nayo?" Ilikuwa mara ya kwanza kunitania tangu Tinde. Kejeli ilikuwemo. Nilistahili.

Sitawadanganya tena, kwa hiyo sitasema yote yamepona. Mkono wa kitindamimba haunyooki mpaka mwisho. Mdogo wangu amerudi gereji na ndiye aliyenileta leo, lakini nikimwambia kitu bado anakwenda kukihakikisha. Kila nikimwona anainama kukagua, inaniuma, na namwacha akague.

Nawashukuru. Baba mdogo, aliyekubali kuomba radhi kwa kijana wa kumzaa. Yule mzee wa duka. Wadogo zangu. Nanyi wa kikundi hiki, mlioniacha nifunge kamba za viatu mpaka nilipochoka. Wabeja sana, asanteni. Kwa walezi wenzangu ninalo moja tu: mtoto akikuuliza jambo usilolijua, mwambie hujui, siku hiyo hiyo, mkiwa bado mmesimama uani. Nyumba haianguki. Mimi nilijaribu njia nyingine, nimewaeleza ilikonifikisha.

Karatasi ninayo hapa. Nitaisoma, kwa sababu siku ile Katoro sikuifungua. Matundu matano. Mia moja na kumi na nne nukta tatu. Tundu la katikati, sitini nukta moja. Inchi kumi na tano. Na chini kabisa, kwa mwandiko ule ule, kuna mstari ambao ningeukuta kama ningeikunjua tu:

"Dada, usipoelewa nipigie, sitamwambia mtu."