Mapigo Matatu Dirishani kwa Jicho

Niapie kwanza kuwa hutamwambia mtu. Umeapa? Haya, na mimi niliapa hivyohivyo. Huko Suhl, mji wa Ujerumani wa mafundi bunduki, miaka minane baada ya vita, palikuwa na benchi chini ya dirisha la Ewald Röder, mnyoosha mitutu ya bunduki za marisau. Walimwita Jicho. Alikuwa akielekeza mtutu kwenye mwanga na kuchungulia uzi wa kivuli ndani yake. Uzi ulipopinda, ndipo alipogonga. Sasa hata kikombe chake alikitafuta kwa kupapasa. Fundi asiyeona hutolewa kazini, na nyumba ilikuwa ya kiwanda.

Ottomar, mpima mitutu wa kiwanda, ndiye aliyejua kwanza. Walimwita Kengele, kwani mitutu aliipima kwa kuigonga na kusikiliza mlio. Ewald alizoea kugonga mara mbili, kwa nguvu. Tangu Kwaresima dirishani yalitoka mapigo matatu, mepesi. Hulda, mke wa Ewald, alimwapisha anyamaze, naye akaapa kwa kaburi la mama yake.

Asubuhi moja, wazee wakiwa benchini pamoja na Ewald, akaja mkaguzi mpya wa kiwanda, Bwana Wiegand, akapewa kahawa ya shayiri, akauliza mbona mitutu ya Röder imenyooka kuliko zamani.

— Chuma cha siku hizi, — alisema Bruno Masizi, mfua chuma. — Haba na haba hujaza kibaba. Kinajinyoosha chenyewe.

— Methali hiyo inahusu nini hapa?

— Inahusu, bwana. Wewe kunywa.

Mwingine akasema ni maji ya mlimani. Masizi akaongeza kuwa mitutu ikilazwa ikielekea kaskazini, dunia yenyewe huivuta. Vidole vya Ewald vilizunguka mdomo wa kikombe.

Ndani nyundo ikalia. Tak, tak, tak.

Kengele alifumba macho. Masikio yalimponza.

— Sikieni mkono huo, — alisema. — Hata Jicho ujanani hakugonga hivyo.

Benchi zima likamgeukia. Mkaguzi akaweka kikombe chini.

— Mzee Ewald tumekaa naye hapa, — alisema taratibu. — Ndani anagonga nani?

Masizi akainua birika, lilikuwa tupu.

Wiegand akasimama, akainama dirishani, na wote nyuma yake. Hulda alikuwa ameketi kwenye kigoda cha mumewe, aproni ya ngozi kiunoni, nyundo mkononi, mtutu jichoni, umeelekezwa usoni mwa mkaguzi.

Hakuushusha.

— Bwana, sogea kidogo, — alisema. — Unaniziba mwanga.