Picha Isiyotaka Kadi

Kijiwe chetu ni ubao mmoja uliokaliwa mpaka ukapinda, umewekwa juu ya matofali mbele ya kibanda cha kinyozi, na kahawa ni yangu mimi. Ng'ambo ya barabara ya vumbi kuna ghala la zamani la mahindi ambalo sasa ni karakana ya wasanii. Ni watu sita ambao mikono, masikio au akili zao hazikuumbwa kama za wengi, na kila siku ya kazi wamo mle wanachora na kufinyanga. Wana mwalimu wao wa kuwafungulia makopo ya rangi, kuwashikia karatasi na kuwaoshea brashi, lakini picha yenyewe mwalimu haigusi hata kwa ukucha. Hiyo ndiyo sheria ya mle ndani. Mmoja wa hao sita ni kaka yangu. Siku ninayoisimulia, gari la kupeleka kazi zao kwenye maonyesho mjini lilikuwa limeegeshwa pale, milango ya nyuma wazi, ndani tupu, na kaka yangu kakaa kizingitini kaikumbatia picha yake, haitoi. Sababu ni kadi. Bwana aliyekuja na gari alileta kadi za kubandika chini ya kila kazi: jina la msanii, jina la kazi, na mstari wa tatu umeandikwa "Anasumbuliwa na". Kaka aliposomewa mstari wa tatu, aliinuka akaenda garini akaichukua picha yake. Wenzake watano wakashusha za kwao, mmoja mmoja, bila kikao wala nini. Na kwenye ubao wangu, watu ambao hawajawahi kuvuka ile barabara wakageuka wataalamu wa sanaa.

Wa kwanza, kama kawaida, ni Bwana Sheria. Sheria hajaisoma. Aliwahi kuitwa shahidi kwenye kesi ya mbuzi, kesi ikaahirishwa, na tangu siku hiyo hajapona.

Bwana Sheria: Kisheria, yule bwana wa kadi yuko sawa. Kitu chochote kinachotolewa mbele ya watu lazima kiandikwe kilichomo. Hata chupa ya dawa ya kikohozi imeandikwa.

Kinyozi: Dawa unakunywa. Picha nayo unaikoroga na maji?

Bwana Sheria: Macho yanakunywa, bwana. Wewe zoea kufikiri.

Mzee Injini alikuwa fundi wa magari. Sikio lake la kushoto lilibaki gereji, la kulia linasikia linalotaka.

Mzee Injini: Mimi nimemwelewa. Ukinunua gari lililotumika, lazima uambiwe kama liliwahi kupinduka. Usipoambiwa, umeibiwa.

Mimi: Kaka yangu hajapinduka, mzee wangu.

Mzee Injini: Sijamsema yeye, mwanangu. Nasema magari.

Kinyozi: Na hizo picha zenyewe kwa nini zipelekwe mjini? Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Zingekuwa nzuri, mji ungekuja hapa.

Bwana Sheria: Methali hiyo ni ya wauza mboga.

Kinyozi: Methali ni ya mwenye mdomo.

Niliwamiminia, lakini nilikuwa na langu rohoni. Picha ile kaka aliianza mvua zilipoanza, akaimaliza nchi imekauka. Mkono wake unatetemeka, brashi haikai, kwa hiyo anagonga rangi kwa kipande cha godoro, anaiacha ikauke, anagonga tena juu yake, mpaka nguo kwenye picha zinaonekana zina uzito wa maji. Ndiyo, nguo. Kachora kamba ya nguo zilizoanikwa, basi. Nilitaka sana kamba ile ikatundikwe kwenye ukuta wenye taa, watu wasimame mbele yake wanyamaze. Na sasa gari litaondoka bila yeye kwa ajili ya maneno mawili. Nasema kweli, moyoni nilikuwa nasema: kaka, kubali yaishe.

Kinyozi: Lakini alimjibu, jamani. Bwana wa kadi kamwuliza, "Wewe unasumbuliwa na nini?" Akasema, "Na wewe."

Mzee Injini: Na nani?

Kinyozi: Na wewe, mzee.

Mzee Injini: Mimi nimemfanya nini?

Kinyozi: Haya, sikilizeni. Mimi naona ile kadi ni hatari kwa mji wenyewe. Watu wa mjini wakishajua kwamba ugonjwa ndio unaochora, watautafuta. Mtamwona mtu mzima, tai shingoni, kajifunga kitambaa machoni anagonga godoro ukutani.

Bwana Sheria: Hujafika mbali. Picha zitahamia hospitali. Ukienda kupima hutoi damu, unachora. Daktari anaitazama, anasema: huyu nyumba yake haina mlango, huyu ana presha, mlazeni.

Mzee Injini: Mimi nikichora wataona nakunywa pombe.

Kinyozi: Hiyo haihitaji picha, mzee.

Bwana Sheria: Na hospitali zikishajaa picha, wagonjwa watalazwa wapi? Kwenye maghala ya mahindi. Ndiyo maana ghala lile walilichukua mapema. Mambo haya yalipangwa zamani.

Hapo uvumilivu ukaniishia.

Mimi: Bwana Sheria, presha unayo wewe. Kinyozi, vidonda vya tumbo, kahawa yangu unakunywa kwa kuiba, mkeo asikuone. Mzee wangu, sikio. Niwaandikie kadi niwabandike vifuani, kila mteja asome kabla hajawaamkia?

Bwana Sheria: Sisi hatuchori.

Mimi: Hilo ndilo tatizo lenu. Yeye anachora.

Wakacheka, lakini Bwana Sheria alikifunga kifungo cha shati.

Wakati huo alikuwa amefika dereva wa gari lile, mtu mgeni kwetu, mpole, mkono umejaa alama za grisi. Aliomba kikombe, akakaa mwisho wa ubao pale palipobaki nafasi ya nusu mtu. Nyuma yake akavuka bwana wa kadi mwenyewe, jasho linamtoka, simu inalia na haipokei. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na haraka, na mwenye haraka hukufanyia ubaya huku akikuita mama.

Bwana wa kadi: Mama, nimeambiwa wewe ndiye ndugu wa yule.

Mimi: Ndiyo mimi.

Bwana wa kadi: Mwalimu wao ananiambia niwaulize wenyewe. Lakini wewe unajua, hawa si watu wa kuulizwa. Jaza huu mstari wa tatu, uweke sahihi kwa niaba yake. Ya kwake ikiingia garini, wengine watafuata.

Mimi: Ukiutoa huo mstari inakuwaje?

Bwana wa kadi: Mstari huo ndio unaowagusa watu, mama. Bila huo watamwona ni mchoraji tu.

Mimi: Ndicho anachotaka.

Bwana wa kadi: Basi haitatundikwa. Sikupanga mimi.

Akaniwekea kadi mapajani, na kalamu juu yake. Kijiwe kizima kikaniegemea.

Bwana Sheria: Weka, dada. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Alisema hivyo huku mmoja wa wale sita, jamaa wa kiti cha magurudumu, akimtazama kutoka mlangoni mwa karakana.

Mzee Injini: Weka, mwanangu. Yule ni mtoto, hajui faida yake. Mtoto akililia wembe, mpe.

Kinyozi: Hiyo inasema umwachie anachotaka, mzee.

Mzee Injini: Basi usimpe.

Kinyozi: Dada Kahawa, mtoto ni mtoto. Weka sahihi, jioni umwambie kadi ilipotea njiani. Atasahau.

Kalamu niliishika. Msifikiri sikuishika. Nilikuwa natafuta neno la kuandika kwenye mstari wa tatu, neno dogo lisilouma, na nilikuwa karibu kulipata.

Dereva: Dada, samahani. Huyo mtoto mnayemsema ni yule pale mwenye mvi?

Mimi: Ndiye.

Dereva: Mdogo wako?

Mimi: Kaka yangu.

Dereva: Aliyekufuata?

Mimi: Aliyenitangulia. Ndiye kifungua mimba kwetu. Mimi ni kitinda mimba.

Dereva akapuliza kahawa yake, akanywa kidogo. Hakuwa anabishana na mtu. Alikuwa anataka kujua tu.

Dereva: Sasa mkubwa yupo pale, amekaa, anatuona. Mbona anaulizwa mdogo?

Bwana Sheria alifungua mdomo, akatia kikombe, kikombe hakina kitu. Kinyozi akaanza kung'oa nywele kwenye kitana. Mzee Injini safari hii alisikia vizuri kabisa, maana aliinamisha kichwa. Bwana wa kadi alikumbuka kupokea simu.

Nikaichukua kadi nikavuka.

Kaka hakuinuka. Picha ilikuwa imemwegemea magotini, na kwa mara ya kwanza niliitazama kutoka mwanzo wa kamba mpaka mwisho. Mama yetu alikuwa anaanika nguo kwa kufuata kuzaliwa, ili akianua asichanganye. Ya baba kwanza, kisha ya kaka, kisha za wengine, mpaka mimi. Kwenye picha shati la kaka lipo, la buluu, pana, linajaa upepo. Mwisho kabisa wa kamba kuna kigauni cha manjano kisichozidi kiganja. Ndicho changu. Nilibebwa mgongoni na huyu mtu nikiwa ndani ya kigauni hicho, mama akiwa shambani, na hakuna aliyemwuliza wakati ule kama mkono wake unatetemeka. Niliona haya mpaka masikio yakawaka.

Mimi: Shikamoo, kaka.

Alinitazama. Sikumbuki mara ya mwisho nilipomwamkia, na nadhani naye alikuwa hakumbuki.

Kaka: Marahaba.

Mimi: Hii ni kadi yako. Wewe unasemaje?

Maneno yake hutoka moja moja, na ukiyangoja yanafika. Aliichukua kadi, akaigeuza upande wa nyuma ambao haukuandikwa kitu, akanirudishia.

Kaka: Hapa. Jina langu. Na "Kamba ya Mama". Basi.

Nikaandika. Nikampa bwana wa kadi, aliyekuwa amevuka nyuma yangu, akaisoma, akatikisa kichwa.

Bwana wa kadi: Hii siwezi kuipokea, mama.

Mimi: Usiniambie mimi. Mwenyewe huyo hapo.

Akamwinamia kaka, akamweleza polepole kwa sauti ya juu, kama kaka ndiye mwenye sikio la Mzee Injini. Taa, ukuta, wageni, wakubwa watakaofungua maonyesho. Kaka alimsikiliza mpaka mwisho, heshima anayo.

Kaka: Basi haiendi.

Dada mfinyanzi, ambaye hasikii, alikuwa ameyasoma yote kwenye nyuso zetu. Aliigeuza kadi yake juu chini, akaibandika kwenye kizingiti kwa kibonge cha udongo mbichi. Jamaa wa kiti cha magurudumu akafanya hivyo hivyo, na wengine wakafuata.

Gari likaondoka tupu. Dereva alichelewa kidogo kwa kutafuta ufunguo uliokuwa mkononi mwake, na wakati wote huo alikuwa anaitazama ile kamba ya nguo. Niliumia, sitaficha. Ukuta ule wa mjini kaka yangu aliustahili kuliko wengi watakaotundikwa huko, na kiburi chetu hakitamletea ukuta mwingine wenye taa. Lakini mtu mzima amesema hapana, na hapana yake ilisikika ng'ambo zote mbili za barabara.

Kisha akamwomba mwalimu nyundo na msumari. Akausimamisha msumari kwenye ukuta wa nje wa ghala, ule unaotazama kijiwe. Mkono ukatetemeka, msumari ukaanguka, akauokota, ukaanguka tena.

Kinyozi: Jamani, msaidieni.

Kaka: Niache.

Msumari uliingia, umepinda, lakini uliingia. Akaitundika kamba ya mama yetu. Wenzake wakaleta za kwao, na mwalimu akatoa meza ya kuwekea vya udongo, hakugusa kingine.

Bwana Sheria alikuwa bado amekaa, ameinua sauti kama yuko mbele ya hakimu.

Bwana Sheria: Sawa, mmeshinda. Lakini mtu akipita hapo atajuaje hawa wana tatizo gani?

Kaka hakugeuka. Alikuwa anainyoosha picha yake, upande mmoja juu, upande mmoja chini.

Kaka: Vuka uangalie.

Mzee Injini akaninyooshea kikombe nimwongeze. Nikamwambia kahawa leo imehamia ng'ambo, nikabeba birika na vikombe vyote.