Polycarp Rutaihwa na Jumamosi Aliyokaa Jukwaani

Baba Paroko, ndugu wa ukoo wa Rutaihwa, wanajumuiya, majirani wa Rexdale, nanyi wachezaji wenzake mliosafiri kutoka mbali, familia imeniomba mimi, mjomba wake Elias, niwasomee maisha ya kijana wetu, nami nitayasoma kama yalivyokuwa, pamoja na ile siku ambayo wengi wenu mlikuwepo na hamkuelezwa kitu.

Polycarp Zephania Rutaihwa alizaliwa tarehe 23 Februari 1984 katika hospitali ya misheni ya Kagondo, wilayani Muleba, mkoani Kagera, mtoto pekee wa Mzee Zephania na dada yangu Anastasia, na kwa kuwa siku hiyo Kanisa humkumbuka Mtakatifu Polikarpo, jina lilipatikana bila kikao. Agosti 1991 alikuja Toronto na wazazi wake, wakapanga ghorofa ya nane kando ya barabara ya Kipling, mtaani Rexdale, baba akapata kazi ya zamu kiwandani karibu na uwanja wa ndege, mama akaanza na usafi na baadaye akasomea kutunza wazee.

Alisoma shule ya msingi na sekondari hapo hapo Rexdale, kuanzia 1991 hadi 2001, na ilikuwa Januari 1993 shule ilipowapeleka watoto kwenye uwanja wa barafu, naye akazunguka mchana kutwa akisukuma kiti cha plastiki ili asianguke, akarudi nyumbani suruali imelowa chapachapa na kumtangazia mama yake kwamba amepata kazi ya maisha, mama akamjibu avue soksi kwanza. Familia haikuwa na gari, na mazoezi ya watoto ya hoki ya barafuni hupangwa alfajiri kabla mabasi hayajaanza, hivyo aliyembeba ni jirani wa ghorofa ya tano, Bwana Shamil, mzaliwa wa Mwanza, pamoja na mkewe Mama Rozmin, wenye duka la vitambaa, ambao kwa miaka walimpakia kwenye gari lao la mizigo yeye na begi lake lililonuka kuliko dagaa, na Bwana Shamil hakuacha kuuliza kwa nini mtoto wa watu alipe ada ili akapigwe.

Nafasi aliyocheza ni beki, na kwa sisi tuliokulia kwenye mpira wa miguu niseme tu kwamba beki wa hoki ni yuleyule tunayemjua, ila huyu hujitupa mbele ya kisahani kigumu cha mpira kinachokuja kwa kasi ya gari la barabara kuu, tena kwa hiari yake. Dada yangu alimpigia simu baada ya kila mechi kumuuliza amefunga mangapi, jibu likawa karibu kila mara kwamba hajafunga, naye akamtia moyo asikate tamaa, mpaka Polycarp akachoka kumweleza kuwa hakuwekwa pale kufunga.

Septemba 2001 alijiunga na timu ya vijana huko Sudbury, mwaka 2004 akasaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa katika ligi ya chini jimbo la Ohio, na mwaka 2008 akapanda ligi ya pili, jimbo la New York. Hakuwa nyota, na familia haioni haya kulisema, makipa walimpenda na magazeti hayakuwa na habari naye. Tarehe 4 Julai 2009 alifunga ndoa na Gift Shayo, waliyeimba naye kwaya ya misa ya Kiswahili, baada ya kamati ya harusi kugombana miezi mitatu juu ya tarehe, kwa sababu bwana harusi hakuweza kuahidi kama timu yake itatolewa mapema au la. Mtoto wao Sara alizaliwa tarehe 19 Oktoba 2010.

Sasa nifike pale panapotuuma. Jumatano tarehe 8 Februari 2012, timu moja ya ligi kuu ilibaki bila mabeki wake wawili walioumia, ikamwita Polycarp, na mechi yake ya kwanza ilikuwa Jumamosi ileile, hapa hapa Toronto, dhidi ya timu ya nyumbani. Alikuwa amebakiza siku chache kutimiza miaka ishirini na minane, hajawahi kuitwa, na kila mtu alijua kwamba huenda asiitwe tena. Mnakumbuka wenyewe mji ulivyowaka, Mama Rozmin akafungua stoo, akina mama wa jumuiya wakatoka na doti za kitenge cha bluu, cherehani hazikupumzika, sare ikashonwa na namba 44 mgongoni, na Mzee Zephania, ambaye hajawahi kuomba ruhusa kazini hata akiwa na homa, alibadilisha zamu na kumwambia kila mtu kiwandani kwamba mwanawe anaingia ligi kuu.

Alhamisi mazoezini Polycarp alianguka, kisogo kikagonga ubao wa pembeni, akainuka papo hapo na hakuna aliyetilia maanani. Lakini alikwisha kuumia kichwa mara mbili, mwaka 2007 na 2010, na daktari alimwonya kwamba ya tatu inaweza kumnyang'anya kumbukumbu. Jumamosi mchana alimpigia mama yake simu kutoka hotelini, akamwelekeza mlango wa kuingilia, akamtania kuhusu vigelegele, wakacheka, wakaagana. Haikupita robo saa akapiga tena, akamwelekeza mlango uleule, akamtania utani uleule, akacheka palepale alipocheka mwanzo, na dada yangu akamwambia kwa upole, "Umeshaniambia, baba."

Polycarp akasema sawa, akakata simu. Hakuna mwingine aliyejua, angevaa jezi angecheza, na jina lake lingeandikwa kwenye kumbukumbu za ligi kuu lisifutike. Alikaa kitandani kwa muda ambao hakuwahi kutuambia ulikuwa mrefu kiasi gani, kisha akavaa viatu akaenda kugonga mlango wa daktari wa timu na kumweleza.

Jioni tulijaza safu za juu kwa kitenge na vigelegele, wachezaji wakatoka, namba 44 hayumo. Alikuwa amekaa jukwaa la ng'ambo, ndani ya suti, na miwani nyeusi kwa sababu taa zilimuumiza. Kufikia mapumziko ya pili wako waliosema ameachwa kwa rangi yake, wako waliosema ameogopa, na maneno hayo yalisemwa kwa Kiswahili cha kusikika. Mechi ilipokwisha baba yake alimkuta kwenye korido, akamuuliza, "Usingevumilia usiku mmoja tu?"

Hakuitwa tena. Madaktari walimkataza michezo ya kugongana, na Mei 2012 akatundika daluga bila kucheza hata dakika moja ya ligi kuu. Baba na mwana waliendelea kutembeleana na kula pamoja, lakini hoki haikutajwa tena katika nyumba ile, na ikitokea kwenye televisheni Mzee alizima.

Alirudi chuoni, akahitimu mwaka 2015 usimamizi wa michezo, akaajiriwa kuwa meneja msaidizi wa uwanja wa barafu hapa Rexdale, na jioni alikuwa kocha wa watoto. Tarehe 6 Machi 2014 alizaliwa mtoto wake wa pili, akampa jina la Zephania, babu akampokea kwa mikono miwili, ila lile jambo likabaki pale pale.

Aprili 2017 alianza kuchoka na kupata michubuko asiyojua imetoka wapi, akapimwa, ikaonekana ni saratani ya damu, akatibiwa akapata nafuu, na Septemba mwaka huu ikarudi. Nimesikia wiki hii ikisemwa kwamba aliacha nafasi yake ili aokoe maisha, na maisha nayo yakaondoka, kwa hiyo alikosa yote mawili. Familia inawaomba wenye neno hilo wasilirudie mbele ya Gift na watoto, kwa sababu miaka ile sita Polycarp aliiishi akili yake ikiwa timamu, aliwafundisha watoto wake wote wawili kuteleza, na alijua majina ya walimu wao na ya watoto wote aliowafundisha.

Mwishoni mwa Oktoba Mzee Zephania alikuwa kando ya kitanda, televisheni ya wodini ikaanza kuonyesha hoki, naye kwa mazoea akanyoosha mkono azime, Polycarp akamwambia aiache. Walitazama kidogo, kisha Mzee, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, akasema kwamba hakupaswa kumuuliza vile kwenye korido. Polycarp akamjibu, "Nilitaka kucheza kuliko wewe ulivyotaka kuniona, baba. Sikukwambia kwa sababu ningelia." Mzee alilia yeye, na ameniagiza niyasome maneno hayo hapa, kwa kuwa miaka yote alidhani mwanawe hakuwa na hamu. Baadaye alimuuliza kwa nini yule beki wa kushoto hasogei, Polycarp akaanza kumweleza, wakabishana mpaka nesi akaja kuwanyamazisha.

Alifariki Jumapili tarehe 18 Novemba 2018 alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe. Ameacha mjane, watoto wawili na wazazi wake.

Tunawashukuru madaktari na manesi waliomuuguza, hasa yule nesi, majirani wa jengo letu, Bwana Shamil na Mama Rozmin waliotupikia tangu siku ya kwanza ya msiba, wafanyakazi wenzake wa uwanjani, jumuiya yote, na wachezaji wenzake, ambao sasa mnajua mlikuwa na mtu wa namna gani.

Pumzika kwa amani, mjomba. Umelinda vya kutosha.