Wasifu wa Kaka Yetu, Aliyevaa Chujio Moja Siku Arobaini na Moja

Marehemu kaka yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1971, mtoto wa tatu kati ya sita. Alisoma hadi darasa la saba, kisha akajifunza uashi kwa baba mdogo, aliyempa jina la Pima Tena, kwa kuwa hakuweka tofali bila kulipima mara mbili.

Alifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1996. Walijaliwa watoto watatu. Kila jioni alivua nguo za kazi nje ya mlango wa nyuma na kuoga kabla ya kumshika mtoto. Mkewe, shemeji yetu, alimtania, "Haya bwana harusi, sasa karibu ndani." Nguo hizo alizifua shemeji, kwenye beseni la peke yake.

Juni 2019 aliajiriwa kuondoa udongo wenye sumu ya madini ya risasi katika kiwanja cha kiwanda cha betri kilichofungwa. Chujio la barakoa lilipaswa kubadilishwa kila siku. Wakaguzi walipokuja, mapya yaligawiwa, walipoondoka, yalikusanywa. Kaka aliandika tarehe juu ya chujio lake. La mwisho alilivaa siku arobaini na moja. Alipodai jingine, msimamizi alimwambia, "Likung'ute, uvae. Vumbi ni vumbi tu, hata kwako lipo."

"La kwangu, bosi, halijawekewa bango la fuvu."

Wenzake walicheka. Kesho yake alihamishiwa shimoni, udongo huo ulikochimbwa, kwenye vumbi zaidi.

Januari 2024 alianza kuumwa tumbo. Mikono ikatetemeka, mwiko ukamshinda. Daktari alikuta risasi katika damu, na figo zimeharibika. Alifariki Jumanne tarehe 6 Mei 2025, saa nne asubuhi, mkewe akiwa kando yake.

Jumatano, mwili ukiwa mochwari, ofisa usalama wa kampuni iliyomwajiri alileta nyumbani karatasi inayosema marehemu aliugua figo za kurithi. "Mama, weka sahihi hapa tu, tumalize."

Shemeji alimjibu, "Msiba ni wangu. Wewe unamaliza nini?"

Ofisa huyo yupo hapa, safu ya pili, na shada lake la maua. Basi asikie. Ukoo wetu haujawahi kuwa na mgonjwa wa figo. Mama yetu ana miaka themanini na mitatu, na ameketi mbele yake. Karatasi ile haitasainiwa, kwa sababu ikisainiwa, kampuni itasema ugonjwa haukutoka kazini, na wenzake wa kazi hawatapimwa.

Ameacha mama, mjane, watoto watatu, ndugu watano, na wafanyakazi kumi na wanne watakaoshuka shimoni kesho saa moja asubuhi. Yeye apumzike kwa amani. Wao wapimwe damu.